Tulivyobadilisha jina la kanisa letu: anzeni na la zamani

Mleta mada, umesema kanisa lenu limeshakubaliana kubadilisha jina, vijana wana orodha yao, wazee wana yao, na unauliza mfanyeje msigawanyike. Sisi tulipitia hayo, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kosa letu la kwanza ni kukimbilia majina mapya. Tuliweka sanduku mlangoni kila mtu atumbukize karatasi, na baada ya wiki tatu tulikuwa na majina zaidi ya 40: Betheli, Efatha, Penieli, Filadelfia, Mto wa Uzima, Ebenezeri. Kila mtu akaanza kulipigia kampeni la kwake. Hakuna aliyeuliza kwa nini la zamani linaondoka.

La zamani lilikuwa Kanisa la Injili ya Kweli. Mgeni akilisikia haoni tatizo. Sisi wa zamani tulijua "ya Kweli" iliwekwa kwa ajili ya nani. Tulitoka kanisa jingine kwa ugomvi, jina likachaguliwa wiki ile ile watu wakiwa bado na hasira, ili tuliowaacha walisome kila wakipita. Watoto wetu wamekua, wameoana na watoto wao, na bado kibao kinawaambia wakwe zetu kwamba injili yao ni ya uongo.

Aliyelisema hilo hadharani ni mzee mmoja mwanzilishi. Alisimama mkutanoni akasoma Mwanzo 26, habari za visima vya Isaka. Kisima kimoja wachungaji wa Gerari wakakigombania, Isaka akakiita Eseki, yaani ugomvi. Kilichofuata nacho kikagombaniwa, akakiita Sitna, uadui. Akahama, akachimba kingine, hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi. Mzee akafunga Biblia akasema, "Kile kibao ni Eseki yetu. Nilikiandika mimi." Akakaa. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia.

Ndugu yangu, tungefanya mkutano ule kabla ya lile sanduku, tungeokoa miezi kadhaa. Watu wakishajua wanaacha nini, wanaanza kutafuta jina linaloeleza Mungu amewatendea nini, na mashindano ya nani kaleta jina zuri yanapoa yenyewe.

Hayakuisha, lakini. Ebenezeri lilikuwa na watu wengi, na nakiri mimi nilikuwa mmoja wao. Binti mmoja wa kwaya akatuonyesha kwamba jina hilo linatokea pia 1 Samweli 4, pale Israeli walipopiga kambi, wakapigwa na Wafilisti na sanduku la Mungu likatekwa. Jiwe ambalo Samweli aliliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, akisema "hata sasa Bwana ametusaidia", linakuja sura ya 7. Wengine wakaliogopa. Mimi likanigusa zaidi, kwamba jina lililobeba kushindwa likaja kubeba msaada. Mazungumzo ya namna hiyo yalitujenga kuliko mahubiri mengi, na hata wasiopata jina walilotaka waliondoka na kitu.

Majina yaliyobaki tuliyajaribu kwa simu. Mtu anakaa nje barabarani, anampigia ndugu yake asiyesali kwetu, anamtajia jina mara moja tu, kisha anamwomba alirudie. Penieli lilirudi "Danieli" mara tatu. Jaribuni hilo, na angalieni pia herufi za mwanzo zinasomekaje zikiwekwa pamoja, kwa sababu watu watalifupisha mpende msipende.

Kura ilikuwa ya siri, na katiba yetu inataka theluthi mbili. Mara ya kwanza hakuna jina lililofika. Mchungaji akakataa kushawishi upande wowote, akatuambia turudi baada ya mwezi, tukarudi, Rehobothi likapita. Familia mbili zilihama. Tulizitembelea, moja ikarudi. Umeuliza kama kamati inaweza kuamua yenyewe ili kuharakisha: hapana, msithubutu.

Msichonge mhuri wala kuandika kibao kabla msajili hajajibu. Sisi tulikuta kanisa jingine limeshasajiliwa kwa jina hilo, ikabidi tuongeze neno. Halafu kuna benki, hati ya kiwanja, mikataba. Mpeni mtu mmoja mtulivu kazi hiyo.

Kabla ya kushusha kibao tuliwaandikia barua wale tuliowatoka, ya kuomba radhi kwa lile jina. Wazee wao wawili wakaja. Mzee wetu alipanda mwenyewe na bisibisi, na ngazi akashikiwa na mmoja wao. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya mgawanyiko.

Jambo ambalo hatukulitegemea ni akina mama waliokuja na vyeti vya ubatizo vya watoto, wakiuliza kama bado ni halali, maana juu yake pana jina lililofutwa. Mchungaji aliliweka kwenye ibada nzima: akawasomea Mathayo 28:19, akawaambia walibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na hilo halikupigiwa kura. Vyeti vile vimebaki kama vilivyo. Ninyi lisemeni mapema, kabla mtu hajalala na hofu hiyo.