Penye kuku wengi nilimwaga mtama

Mbukwenyi ndugu zangu.

Jumanne nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Manyoni: "Dada shikamoo. Nimebuni mashine ya kubangua karanga, haitumii umeme. Nataka kuipeleka Nane Nane. Unanishauri nini?" Nilikuwa kwenye daladala. Nikausoma mara mbili, nikapitiliza kituo.

Mnanijua kwa zabibu kavu. Habari ya kikaushio wengi hamuijui, na sikuwa na hamu ya kuisimulia. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zisizopata mnunuzi tunazianika. Shida ni vumbi. Ukizifunika zinavunda, ukizifunua zinakula mchanga, na kuzigeuza ni lazima. Mteja wa Dar akisikia "kroch" moja tu mdomoni, umempoteza.

Nilihangaika misimu mitatu. Siku moja mama yangu anapepeta mtama, nikaona ungo unavyogeuza punje zote bila mkono kuzigusa. Usiku nikachora kwenye daftari la hesabu la mwanangu: sanduku la mbao lenye kioo juu, ndani trei sita za wavu, zote zimeshikwa na fimbo moja, nje mpini. Unavuta, trei zinainama pamoja, zabibu zinabingirika upande wa pili, mlango hujaufungua. Fimbo ilikuwa inakwama kwenye trei ya nne mpaka fundi wangu seremala alipotia bawaba za madirisha. Ilipoteleza mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu uani. Niacheni nijisifu kidogo, nimekwisha kulipia.

Nikakipeleka kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Nzuguni. Siku tatu banda langu halikosi watu. Akaja baba mmoja wa kofia pana, mpole kweli: "Mama, hebu vuta tena." Nikavuta. "Tena." Nikavuta labda mara kumi. Mwenzake amechuchumaa anarekodi bawaba kwa simu, kisha akatoa tepu apime urefu wa fimbo. Tepu ilikuwa inamponyoka, nikamshikia ncha ya upande wa pili. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu ninaoandikia.

Msimu uliofuata nikaviona vikaushio kama vyangu vimepangwa barabarani, vimepakwa rangi ya bluu. Mpini pale pale. Bawaba za madirisha zile zile. Na aliyevitengeneza ni fundi wangu. Nilipomfuata hakujificha: "Dada, wewe uliniletea kazi, na wao wameniletea kazi." Kilichoniuma ni kwamba hakukosea. Tulikuwa hatujaandikiana hata mstari mmoja.

Miezi 14 baada ya maonyesho ndipo nikamwendea mtu anayeshughulikia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wako, nimebeba bahasha kama mshitaki. Nikatoa cheti changu cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Akakitazama, akanirudishia. Kilikuwa cha jina la biashara. Hicho kinasema unafanya biashara kwa jina gani, basi. Hakilindi mashine, hata jina lenyewe hakililindi kama alama ya biashara inavyolinda. Nikamwambia nina daftari lenye tarehe. Akaniuliza, "Ulikionyesha hadharani kabla ya kuomba?" Nikanyamaza.

Hataza inataka kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na kiweze kutumika viwandani. Upya ndio niliouua mwenyewe, kwa kuvuta mpini mara kumi mbele ya umma.

Kwa hiyo kijana wangu, na wengine wote: peleka maombi kwanza, onyesha baadaye. Huhitaji kusubiri cheti ndipo utoke nje. Tarehe ya kuwasilisha maombi ndiyo inayokupa nafasi kwenye foleni. Maombi yanakwenda BRELA. Hataza ni miaka 10, na inaweza kuongezwa mpaka 20. Kama ubunifu wako ni mdogo, mpya lakini si wa kushangaza sana, uliza kuhusu cheti cha ubunifu mdogo, ambacho ni cha miaka 7. Mimi nadhani wengi wetu wa mbao na vyuma tungefaa huko. Zanzibar wana ofisi yao, usajili wa Bara haufiki. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu, kule Harare. COSOTA ni ya maandishi, muziki na kazi za aina hiyo. Mashine yako hawawezi kukulindia. Na alama ya TBS, shirika la viwango, inahusu ubora, haimzuii mtu kukuiga. Nayasema haya kwa sababu nimeshaulizwa yote, na mengine nilikuwa nayaamini.

Kwa fundi, karatasi moja inatosha: ubunifu ni wa nani, na asimtengenezee mwingine. Asaini kabla hujafungua daftari. Akikataa, funga daftari nenda kwa mwingine. Msione aibu! Mnaona aibu kumwandikisha fundi, lakini hamuoni aibu kukimbilia kupiga picha na mgeni rasmi huku siri yote iko mezani. Nawasema ninyi, najisema mimi. Peleka maombi kwanza.

Kilichonibakia ni jina la pakiti. Hilo nimelisajili kama alama ya biashara: miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Mwaka jana mtu alitoa pakiti za jina langu kwa kubadili herufi moja. Barua moja tu, akaziondoa. Siku hiyo nilikula wali kuku.

Haya yote nilimwandikia kijana wa Manyoni usiku ule, kwa kirefu kuliko hapa. Asubuhi akajibu: "Asante sana dada. Ila video nimeshaiweka TikTok, watu wameipenda mno."

Nikamuuliza: lini? Tiki zimeshageuka bluu, jibu bado.