Nimepaka unga wa penseli, mbona simu bado inaita?

SWALI: Habari mhariri, nimesikia plastiki ikichanganywa na grafini, ile kaboni nyembamba mno inayotoka kwenye grafiti kama ya penseli, inazuia mawimbi ya masafa ya juu. Basi nikasaga ile nyeusi ya ndani ya penseli, nikachanganya na gundi ya epoksi nikapaka ndani ya kiboksi cha plastiki, ilipokauka nikafungia simu humo nikaipigia, ikaita kama kawaida! Nimekosea wapi? Na kama bati lipo grafini ya nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, nimefurahi sana umejaribu kwa mikono yako. Sasa chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, gusisha zile ncha mbili kwenye mpako wako upime ukinzani. Isiposoma kitu, yaani umeme haupiti, basi tatizo ni hilo, maana epoksi haipitishi umeme na kila kipunje kimezungukwa na gundi hakimgusi mwenzake, na ili wimbi lizuiwe vizuri lazima elektroni zipate njia ya kutembea. Ukiongeza unga kidogo kidogo inafika mahali vipunje vinashikana mnyororo toka upande huu hadi ule, na hapo umeme unaanza kupita ghafla. Grafini inawahi kufika hapo kwa sababu kila kipande ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, nyembamba mno ila pana, kwa hiyo zinagusana hata zikiwa chache. Penseli yako ni grafiti nene iliyochanganywa na udongo.

Wanafizikia Geim na Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliibandua grafini toka kwenye grafiti kwa selotepu, 2004, wakapata tuzo ya Nobel ya fizikia 2010. Ila ukiikoroga kwenye plastiki zile karatasi zinapenda kugandamana tena, na kwa maoni yangu kuzitenganisha ndo kazi ngumu kuliko zote.

Bati linazuia vizuri tu, lakini mawimbi mengi linayarudisha, yanaenda kusumbua saketi za jirani humohumo ndani, na ni zito. Grafini inameza sehemu yake ikaigeuza joto.

Halafu simu si kipimo kizuri. Kinga hupimwa kwa desibeli, na ya desibeli 20 inapitisha sehemu moja tu kati ya 100 ya nguvu ya wimbi, na simu bado inaweza kuita! Angalia na mfuniko pia, ufa mwembamba lakini mrefu unavujisha sana, urefu wake ndo unaohesabika. Paka mpaka kingo, mpako wa mfuniko ukutane na wa boksi, ndo upime tena.