Kabla hujanunua tofali hata moja, kaa kwanza na msanifu majengo

Kuna watu wengi wananiuliza tulijengaje Goba hapa Dar na kipato chetu kile, mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, wote tumeajiriwa, mshahara unajulikana, watoto watatu wanasoma, na tulikuwa tumepanga Sinza. Jibu langu huwa ni refu kwa sababu lazima nianze na msingi wa kwanza, ule tuliouacha ukaota majani mwaka mzima na zaidi.

Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 30 na kama unaijua Goba unajua kule ni vilima, kiwanja kinashuka kutoka barabarani kwenda nyuma. Sisi tulipopata tu karatasi zetu tukanunua ramani mtandaoni, ile unayotumiwa kwa WhatsApp unalipia unapewa faili, vyumba 4 vya kulala, masta 2, sebule, dining, jiko, stoo, choo cha wageni, kwenye picha inapendeza kweli ina gari limepaki mbele na majani ya kijani. Fundi akaja akapima kamba, tukaanza kuchimba. Sasa ile nyumba ilikuwa na urefu wa mita 17 na tuliilaza kufuata mteremko, mbele iko usawa wa barabara nyuma inaning'inia, kila fundi anapoenda nyuma anadai tofali zaidi na mawe zaidi na mchanga zaidi, mpaka hela tuliyojua itatufikisha kwenye linta, ile zege ya juu ya madirisha na milango, ikaishia kwenye nusu ya msingi. Yaani hatukuona hata ukuta mmoja. Nilikuwa naenda Jumamosi naangalia lile shimo narudi nyumbani sina hamu ya kuongea na mtu.

Msanifu tulimpata kupitia mfanyakazi mwenzangu. Nilimwambia mzee twende tu tukamsikilize, yeye alikuwa anasema hao ni watu wa maghorofa na matajiri, sisi watu wa banda la vyumba 3 atatufanyia nini. Na hili ndilo wazo ambalo naomba ulitoe kichwani leo. Tajiri akikosea mita 2 za korido haimuumizi, ni wewe mwenye hela ya kuhesabu ndiye unayemhitaji zaidi mtu wa kukaa na penseli akakutolea vitu kabla havijawa saruji.

Swali la kwanza alilotuuliza lilikuwa hela. "Dada, mna shilingi ngapi? Siulizi mnayotamani kuwa nayo, naulizia ile ipo benki leo na ile mnayoweza kutoa kila mwezi bila watoto kukosa ada." Mzee akawa anataka kutaja ndogo, si unajua ukimtajia mtu hela yako anaimaliza yote, mimi nikasema ukweli wote. Nashauri hivyo kwa nguvu zote, mwambie msanifu wako hela ya kweli. Ukimwambia ndogo atakuchorea kibanda ambacho baadae utaanza kukibandika vyumba huku na kule bila mpango, ukimwambia kubwa atakuchorea kitu utakachokiacha kwenye boma, kuta tupu bila paa.

Swali la pili lilinishangaza. Akauliza, Jumamosi saa kumi jioni nyumbani kwenu kila mtu anakuwa wapi? Nikafikiria. Mimi nipo nyuma naangalia maharage kwenye jiko la mkaa, watoto wapo barazani, mzee yupo sebuleni na mpira. Chakula tunakula wapi? Sebuleni, mara nyingi chini kwenye mkeka. Wageni wanalala? Ndio, mama mkwe anatoka Tanga kila mwaka anakaa hata miezi 2, na magoti yanamsumbua. Akawa anaandika tu. Alipomaliza akatuambia dining hamna kazi nayo, masta ya pili hamna kazi nayo, ila baraza la nyuma la kupikia lenye paa mnalihitaji na kwenye ramani mliyonunua halipo kabisa. Nikanyamaza maana ni kweli tupu.

Halafu akachukua ile ramani yetu akaanza kutupigia hesabu. Korido ilikuwa mita 1.5 kwa 9, yaani mita mraba 13 na nusu, akasema chumba cha watoto anachotaka kunichorea ni mita 3.6 kwa 3.6, ambayo ni kama 13, kwa hiyo korido yangu ya kupita tu ilikuwa kubwa kuliko chumba cha kulala, na nitaimwagia zege, nitaiwekea taili, nitaiezeka bati kama chumba. Akahesabu kona za nje, zilikuwa 18. Mzunguko wa kuta za nje mita 66. Nyumba aliyokuja kutuchorea ni mstatili wa mita 12.6 kwa 8.4, mzunguko wake 42. Tofauti hapo ni mita 24 za ukuta, ukienda juu mita 3 unapata mita mraba 72, na kila mita mraba inakula kama tofali 10, kwa hiyo ni tofali 720 kabla hujatoa nafasi za madirisha, na hapo hujagusa msingi wake, mkanda wake (zege yenye nondo inayozunguka kuta), lipu ndani na nje, rangi. Kona zinapendeza kwenye picha ila kila kona inataka hela, na kwenye paa ndio mbaya zaidi, kila mahali paa mbili zinapokutana panatengeneza bonde na mabonde ndio yanayovuja masika.

Kuhusu mteremko ndio nilitamani kulia. Mshuko wa kiwanja chetu kwa urefu wa ile mita 17 ulikuwa mita 1.6. Ukitaka sakafu iwe sawa maana yake nyuma msingi unapanda mita 1.6 na ndani yote unajaza kifusi, wastani sentimita 80 mara mita mraba 168 za nyumba, ni kama mita za ujazo 134 za kifusi, malori na malori, halafu kishindiliwe. Yeye alifanya nini, aliigeuza nyumba ikalala kukatisha mteremko badala ya kuufuata, kwa hiyo mshuko ukawa ni wa ule upana wa mita 8.4 tu, yaani kama sentimita 80 hivi, na hata hizo hakuzijaza zote. Akaigawa sakafu ngazi 2, vyumba vya kulala viko juu, sebule na jiko viko chini na katikati kuna vipandio 3. Chumba cha wageni akakiweka chini usawa wa sebule na choo cha wageni mlango wa pili, kwa ajili ya magoti ya mama mkwe. Hakuna ramani ya kununua inayoweza kukufanyia hivyo kwa sababu aliyeichora hajawahi kukanyaga kiwanja chako wala hamjui mama mkwe wako.

Joto sasa. Sisi wa Dar tunateseka na joto halafu tunajenga nyumba za kulikaribisha. Jiji letu lipo kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapita juu ya utosi karibu na mwezi wa 3 na wa 10, kwa hiyo kuta zinazoungua ni za mashariki asubuhi na magharibi jioni, na ukuta wa magharibi ndio mbaya maana tofali linakunywa jua la alasiri mpaka jioni halafu linakutemea usiku umelala. Msanifu akaweka stoo na jiko upande wa magharibi, madirisha makubwa yote yakaangalia kaskazini na kusini. Huko ndiko upepo unakotoka pia, kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia kama Disemba, na kila chumba kilichowezekana kina tundu pande mbili ili upepo uingie utoke. Tukakubaliana madirisha ya vyumbani yawe ya kufunguka yote, sio ya kuteleza, kwa sababu dirisha la kuteleza hata ukilifungua mpaka mwisho unapata nusu tu ya upepo. Na mapaa yakatoka nje ya ukuta karibu mita nzima. Najua watu wanapenda sana nyumba za kuficha bati siku hizi, zile ambazo ukuta unapanda kulifunika paa, mzee wangu naye alikuwa anaitaka, ila kwa hela yetu nilikataa na sijutii. Kwenye nyumba hizo ukuta hauna kivuli, mvua inaupiga moja kwa moja, maji ya paa yanapita kwenye mifereji iliyojificha na ikiziba wakati wa masika yanatafuta njia ya kuingia ndani. Kama una hela ya kuifanya kwa ustadi na kuitunza sawa, kama unahesabu mifuko ya saruji kama sisi achana nayo.

Kuna jambo lingine dogo ambalo nalipenda mpaka leo. Vile vipimo vya 3.6 hakuvitoa hewani. Taili la sentimita 60 linaingia mara 6 kamili, jipsamu bodi ya mita 1.2 inaingia mara 3, mbao za futi 12 ni kama mita 3.66. Kwa hiyo mafundi hawakati kati na kutupa vipande, ila mwambie fundi mapema kwamba hicho ni kipimo cha baada ya lipu, maana wengine wanapima tofali kwa tofali halafu lipu ikipigwa pande zote chumba kinapungua na hesabu yote inaharibika.

Vyoo viwili akavipanga mgongo kwa mgongo ili bomba liwe moja na karo la majitaka liwe moja, na karo akaliweka mahali ambapo gari la kunyonya majitaka linaweza kufika. Hili waulize majirani zako waliojenga karo nyuma ya nyumba halafu wakazungushia fensi.

Kujenga kwa awamu ndio kulituokoa lakini lazima kuanzie kwenye mchoro. Tulimwambia hatuwezi kumaliza yote, akachora nyumba nzima halafu akaonyesha kipande cha kuanzia, na paa akaliweka la mgongo wa tembo, linaloshuka pande mbili tu, kwa sababu hilo unaliendeleza tu kwa urefu, ukiweka lile la kuangalia pande nne siku ya kuongeza chumba unabomoa upande mzima. Upande wa mashariki ndio utakaoongezwa chumba cha tatu na bafu lake, kwa hiyo msingi wa pale tumeshauweka na nondo za mkanda zimeachwa zikiwa zimefunikwa zege jepesi zisile kutu.

Sasa mambo ya karatasi. Hakikisha unayempa kazi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, muulize namba yake na uihakiki kwenye bodi wenyewe, mtu aliyesajiliwa kweli hatakasirika. Michoro bila muhuri wa mtaalam itakusumbua ukienda manispaa kuomba kibali cha ujenzi. Andikianeni, hata kurasa 2, kwamba atakupa nini na lini na atakuja saiti mara ngapi, sisi tulikubaliana aje mara 4, wakati wa kupima, kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), kwenye linta na wakati wa kupaua. Tulimlipa kwa awamu 3, na hela yote haikufika nusu ya ile iliyozama kwenye ule msingi wa kwanza. Usikubali kuondoka na mchoro wa juu tu wenye vyumba, dai na michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo na zege, na dai BOQ, ile orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na vipimo vyake. BOQ ndio ilinifanya niweze kuongea na fundi. Aliponiambia "mama, kwenye mkanda hapa tuweke nondo za mm 16" nilifungua karatasi nikamwonyesha mhandisi kaandika mm 12 na ringi (vile vyuma vya kuzungushia nondo) mm 8, akasema sawa mama. Na siku nyingine alitaka kuachanisha ringi ili ziwe chache, nikamwonyesha karatasi ile ile. Sikugombana naye hata siku moja, na ni fundi mzuri, ila hakuna aliyekuwa anabahatisha tena.

Kama tayari umeshachimba msingi kwa ramani ya kununua, usiuache wala usiendelee kwa hasira, mwite msanifu aje auone. Wetu aliweza kuokoa mawe na tofali zote tulizokuwa nazo na kipande cha msingi wa mbele kikawa ngazi na ukuta wa kuzuia udongo.

Tulihamia tukiwa na vyumba 2 vya kulala, sebule na jiko, sakafu ikiwa saruji tupu, taili zimekuja baadae. Mama mkwe ameshakuja mara 2 na anapenda kukaa baraza la nyuma tunapopika, anasema upepo wa pale unamkumbusha kwao. Chumba cha mashariki tunaanza masika ikiisha, tofali 500 zimeshapangwa pembeni ya ukuta na msanifu ameshasema atakuja siku ya kuunga mkanda.