Jalada la Kesi Yako Liko kwa Karani wa Kaunti: Jinsi ya Kulipata Marekani

Mwaka 2019 nilikwenda kwenye usaili wa uraia hapa Houston nikiwa na kadi ya kijani, pasipoti ya Tanzania na kila cheti nilichodhani kingehitajika. Afisa aliponiuliza kama nimewahi kukamatwa na polisi, nilimjibu ukweli: miaka saba nyuma nililala mahabusu usiku mmoja katika kaunti ya jirani kwa kuendesha gari wakati leseni yangu ilikuwa imesimamishwa, na kesi ile ilifutwa. Hakunibishia. Alinikabidhi karatasi iliyonitaka nilete, ndani ya siku 30, hati ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha kesi ilivyoishia. Nilichokuwa nacho nyumbani ni fotokopi niliyopewa na wakili siku ya kufutwa kwa kesi, na fotokopi isiyo na muhuri haikukubalika.

Tangu siku zile nimewasindikiza Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu wengi katika madirisha ya makarani, wengine kwa ajili ya uraia, wengine kwa ajili ya talaka, mirathi au kazi. Ninaandika haya kwa sababu hangaiko lao karibu kila mara huanzia mahali pamoja: wanatafuta kumbukumbu kwenye mtandao kabla ya kujua ni mahakama gani inayozitunza.

Marekani haina masjala moja ya mahakama kwa nchi nzima. Mtu aliyekulia Tanzania Bara, ambako Mahakama ni mhimili mmoja, hutarajia kwamba jina lake likiingizwa kwenye kompyuta popote, kesi yake itaonekana. Mkenya naye akisikia neno kaunti humkumbuka gavana, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 lakini ikaiacha Mahakama mikononi mwa taifa. Hapa mambo ni tofauti. Nchi ina kaunti, yaani maeneo ya utawala ndani ya kila jimbo, zaidi ya 3,000, Texas peke yake ina 254, na majalada ya kesi za jinai za kawaida, talaka, mirathi na madai hutunzwa na karani wa mahali kesi ilipofunguliwa. PACER, mfumo wa kusomea majalada mtandaoni ambao wengi huelekezwa huko na marafiki, ni wa mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu, tu. Utakuonyesha shauri la kufilisika kwa senti 10 kwa ukurasa, lakini hautakuonyesha talaka yako wala usiku uliolala mahabusu ya kaunti. Kadhalika, sheria ya shirikisho ya uhuru wa habari ya mwaka 1966 inazihusu idara za serikali, haizihusu mahakama, hivyo barua ya maombi iliyoandikwa kwa kutaja sheria hiyo haitakusaidia mbele ya karani. Haki ya mwananchi kukagua na kunakili majalada ya mahakama ni ya zamani kuliko sheria hiyo, na Mahakama ya Juu iliitambua mwaka 1978 katika shauri la Nixon dhidi ya Warner Communications. Kwa jalada lililo wazi, kwa kawaida hutakiwi kueleza unalitakia nini.

Swali la kwanza, basi, ni kaunti gani. Jibu ni kaunti ambako kesi ilifunguliwa, hata kama hujawahi kuishi huko. Mji wa Houston umeenea katika kaunti za Harris, Fort Bend na Montgomery, na nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyetafuta Harris kwa wiki nzima kwa sababu tu anwani ya mahali alipokamatwa ilisomeka Houston. Itazame karatasi ya dhamana au ya faini: jina la kaunti na namba ya kesi mara nyingi huwa vimechapwa juu yake, na namba hiyo ina thamani kuliko kitu kingine chochote utakachompelekea karani.

Swali la pili ni karani yupi, na hapa Texas huchanganya hata wenyeji. Kuna ofisi iitwayo District Clerk na nyingine iitwayo County Clerk. Talaka na makosa makubwa ya jinai yako kwa yule wa kwanza. Leseni za ndoa na mirathi ziko kwa wa pili. Makosa madogo ya jinai katika kaunti nyingi yako kwa wa pili pia, lakini Harris yako kwa wa kwanza. Faini za barabarani haziko kwa yeyote kati yao, bali kwenye mahakama ndogo ya mlinzi wa amani (justice of the peace) au ya manispaa, kutegemea ni askari gani aliyekusimamisha. Katika majimbo mengine majina hubadilika: California utakwenda mahakama iitwayo Superior Court ya kaunti husika, Maryland talaka iko kwa karani wa Circuit Court, na Louisiana kaunti huitwa parishi. Piga simu kwanza, utaje aina ya kesi na mwaka, uulize kama jalada liko kwao. Simu ya dakika kumi inaokoa safari nzima.

Sasa nifike kwenye majina, ambayo ndiyo yanayotutesa sisi kuliko watu wengine. Majina yetu matatu hayana jina la ukoo kwa maana ya Kimarekani, na askari anayejaza fomu usiku huchukua lolote analoona mwisho. Mimi nilijitafuta kwa jina la babu, kama lilivyo kwenye pasipoti, nikaambiwa hakuna kesi. Siku ya pili nilijitafuta kwa jina la baba, likiwa limepungukiwa herufi moja, nikajiona. Jaribu Athumani, Athuman na Othman. Mohamedi, Mohamed na Muhammad. Jaribu jina la kwanza mahali pa la mwisho. Kwa ndugu waliopitia kambi za wakimbizi kuna jambo la ziada: wengi waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa haiwatofautishi na wenzao wenye jina kama lao. Kabla ya kulipia nakala, hakikisha kwa anwani ya wakati ule na tarehe ya kukamatwa kwamba jalada ni lako. Nimemwona kijana akipewa hatima ya kesi ya mtu mwingine kabisa, na kama asingesoma ukurasa wa pili angeipeleka uhamiaji kama yake.

Ukifika dirishani, usiombe "rekodi" tu, maana utachapiwa ukurasa wa kompyuta ambao hauna nguvu. Sema unataka nakala iliyothibitishwa ya hatima ya kesi. Maneno wanayoyaelewa makarani ni "certified disposition". Omba pia hati ya mashitaka, kwa kuwa afisa wa uhamiaji hutaka kujua ulishitakiwa kwa kifungu kipi, na si tu kwamba kesi iliisha. Malipo kwa kawaida huhesabiwa kwa ukurasa, na hayawi makubwa kwa jalada dogo. Karani atazipiga pini kurasa zote pamoja, ataweka cheti chake mbele au nyuma, kisha muhuri. Kwingine ni wa wino, kwingine ni wa kubonyeza ambao ukiupitishia kidole unauhisi. Usizifungue zile pini, hata kwa ajili ya kupiga fotokopi, kwa sababu nakala iliyofunguliwa inaweza kukataliwa. Chukua mbili.

Yapo majalada yasiyoonekana na umma, kama ya watoto na ya kuasili. Katika jimbo la New York jalada la talaka hufungwa kwa miaka 100 kwa kila mtu isipokuwa wahusika na mawakili wao, kwa hiyo nenda mwenyewe na kitambulisho. Majalada mengine ya makosa madogo huteketezwa baada ya miaka kadhaa. Ikiwa ndivyo, omba barua yenye muhuri inayosema kwamba walitafuta na hawakupata, nayo ipeleke uhamiaji.

Ninasisitiza hili kwa moyo wote: ikiwa wakili wako anataka kukuombea kesi ifutwe kabisa kwenye kumbukumbu, chukua nakala zilizothibitishwa kabla hakimu hajasaini. Uhamiaji huuliza hata kesi zilizofutwa kwenye kumbukumbu, na jalada likishaharibiwa kwa amri ya mahakama karani hana cha kukupa. Vilevile, kesi iliyoondolewa baada ya kukiri na kumaliza muda wa uangalizi inaweza kuhesabiwa na uhamiaji kuwa ni kutiwa hatiani, kwa hiyo mwonyeshe wakili wa uhamiaji hati hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote.

Tovuti za biashara zinazoahidi kumbukumbu za mahakama papo hapo zilinila fedha zangu wiki ya kwanza, na nilichopata ni orodha ya anwani nilizowahi kuishi. Hakuna hata moja yenye muhuri wa karani.

Nilirudisha hati zangu siku ya 26. Afisa aliugusa muhuri, akasoma ukurasa wa hatima ya kesi, akaziweka ndani ya faili. Nakala ya pili bado ninayo, katika bahasha ileile niliyopewa dirishani, na pini zake hazijaguswa.