Fundi asichimbe mpaka usome namba za bikoni

Mleta mada, mpigie fundi wako sasa hivi umwambie Jumamosi asije. Umeuliza kuhusu mipaka, mchoro uliopakua mtandaoni, mifuko ya saruji, na kama msingi wa mawe ni bora kuliko wa tofali. Ila katikati umeandika kwamba dalali kakuonyesha bikoni moja tu, yaani alama ya kona ya kiwanja, zingine fundi "atazipata kwa futi kamba", na GPS ya simu yako imekubaliana naye. Hapo hapo ndipo nilipozama mimi.

Mimi nilionyeshwa bikoni halali kabisa, isipokuwa haikuwa yangu. Bikoni ni zege lililofukiwa, juu linachungulia kidogo, katikati kuna chuma, na ina namba yake. Namba hiyo hiyo ndiyo iko kwenye ramani ya upimaji. Dalali aliigonga na ncha ya kiatu akasema, "Hii hapa bosi." Ilikuwa imejaa udongo. Hakuna aliyeinama kuifuta asome, na mimi mwenye hela ndiye niliyekuwa na haraka kuliko wote. Ingesomwa, tungejua ni kona ya mbali ya kiwanja cha jirani.

Fundi akaanzia hapo. Kamba zikanyooka, pembe akazikagua kwa ile kanuni ya 3-4-5 (pande 3 na 4, mshazari 5). Nyumba ilikuwa mita 12 kwa 9, ukipima kona hadi kona unapata 15, na ukivuka upande wa pili 15 vile vile. Pembe zote safi, hata wewe ungempa soda. Msingi, jamvi la zege, ukuta, tukafika linta. Ndipo akaja mama mmoja mpole na mpima ardhi wake, wakasimamisha mashine ya miguu mitatu, na baada ya muda mfupi ikajulikana kwamba sebule yangu na chumba cha wageni viko kwake.

Nikajifanya mjanja, nikamwambia mama aniuzie hicho kipande. Mpima akacheka. Kiwanja kilichopimwa hakikatwi kama mkate: mchoro wa mipango miji ubadilishwe, upimaji urudiwe na uidhinishwe, hati zote mbili ziguswe. Mama hakutaka hizo safari, na sikumlaumu. Tukabomoa. Tofali zilizotoka nzima hazikutosha hata banda la kuku. Siku hizi wageni wakiuliza nyumba mbona fupi upande mmoja, nawaambia ndiyo mitindo.

Yule fundi alikuwa ananiambia, "Mpima ni kuchoma hela bosi, mimi nimejenga mtaa huu wote." Siku ya kubomoa alikuwa Morogoro na simu haipatikani. Dalali alipatikana, tatizo kila akipokea yuko msibani. Ukoo wake ungekuwa umeshakwisha.

Na hiyo simu yako iache. Hata penye anga wazi, kukosea mita tatu au tano ni jambo la kawaida kwake, na ukuta wako unene wake ni sentimita 15. Halafu ramani nyingi za zamani hapa Tanzania zilipimwa kwa mfumo wa zamani wa kutaja mahali, Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za mahali (koordineti) za ramani ukaziingiza bila kuzigeuza, utapelekwa mamia ya mita, pengine kwenye uwanja wa shule. Huyo mchangiaji wa juu anayesema "weka tu namba kwenye simu" sijui mna ugomvi gani.

Mchoro: umeweka ramani ya vyumba na ile picha ya rangi yenye gari mlangoni. Mchoro unaoonyesha jengo limekaaje ndani ya kiwanja, umbali kutoka kila mpaka, uko wapi? Halmashauri wataudai kwenye kibali cha ujenzi. Na usipime karatasi kwa rula. Kwa skeli ya 1:100 sentimita moja ni mita moja, lakini ukichapisha mchoro wa A3 kwenye A4, sentimita 10 zinabaki kama 7 na fundi atakujengea nyumba ya wanasesere. Fuata tarakimu zilizoandikwa.

Umesema pia mbele kuna barabara ya mkoa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande, na zinahesabiwa kutoka katikati ya barabara, si kutoka kwenye mtaro. Mwambie mpima alitazame na hilo, kabla ya watu wa rangi nyekundu hawajakuchorea X.

Kwa hiyo: mpima mwenye leseni, ramani ya upimaji mkononi, bikoni zote zisomwe namba ukiwa umesimama hapo, ndipo kigingi cha kwanza. Vipimo vya msingi vitoke kwenye mstari wa bikoni hadi bikoni. Siyo uzio wa jirani, siyo nguzo ya umeme, siyo mwembe. Bei mtapatana, na akikuumiza muulize anayevunja jamvi anachukua ngapi.

Ukizipata bikoni, zipake rangi, zipige picha namba ikionekana, mwite na jirani aone. Ikikosekana moja usiweke jiwe lako, arudishe mpima, maana kuchezea bikoni ni kosa kisheria. Moja ya zangu tuliikuta nyumba ya tatu, figa la mama ntilie, na namba bado inasomeka.