Reli ya mezani kwa mpangaji wa chumba kimoja

Msomaji wa Mwanza ameniandikia. Amepanga chumba kimoja, ana injini na mabehewa ya treni ya mfano aliyoletewa na shemeji yake kutoka Ujerumani, anauliza angoje mpaka ajenge nyumba ndipo atandike reli?

Usingoje, ndugu yangu. Mimi pia ni mpangaji hapa Tanga, na reli yangu inalala juu ya kabati la nguo.

Wengi huanza na duara. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, hata duara dogo linataka ubao wa karibu sentimita 80 upana. Ubao huo utaupakiaje kwenye bajaji? Na treni ikishazunguka jioni nzima, utachoka nayo.

Mimi nilifuata ramani ya Mwingereza Alan Wright, iitwayo Inglenook, ambayo ni fumbo la kupanga mabehewa. Njia tatu za kuegesha: moja inachukua mabehewa matano, mbili zilizobaki matatu matatu. Una mabehewa manane. Unapiga kura, matano yanayotoka unayapanga kwa zamu ileile. Mipangilio ni 6,720. Njia ambayo injini inayavutia mabehewa kuyatoa maegeshoni itoshe injini na mabehewa matatu tu. Ukiirefusha kwa huruma, mchezo umeuua.

Changu ni kituo cha kubuni cha kupakia mkonge, kwenye njia ya Moshi. Nyasi zake ni nyuzi za mkonge wenyewe, nimezikata na kuzipaka rangi. Reli zetu za zamani zina upana wa mita 1, kwa hiyo wajuzi watataka njia ya milimita 12. Mimi natumia 16.5, maana ndiyo niliyopata. Anayeudhika aninunulie.

Bodi ni mbili, kila moja sentimita 75 kwa 30, plaiwudi ya milimita 9. Fundi alitaka kuniwekea mninga. Nikamwambia, fundi, hiki si kitanda. Safarini zinatazamana, vipande viwili vya plaiwudi vinazishika mwisho huku na huku, sanduku limekamilika. Pale bodi zinapokutana, ncha za reli nimezilehemu juu ya skrubu za shaba zisiyumbe. Mahali reli inapogawanyika pasiangukie kwenye ungio, kamwe.

Kwenye maonyesho fulani mratibu aliniweka kona ya watoto, kati ya mabaluni na bisi. Sijasahau. Lakini akaja mzee mstaafu wa reli, akavuta kiti, akaniambia, "Mwanangu, hebu nipishe." Alipanga mabehewa mpaka taa zikazimwa, na wale wakubwa waliokuwa wakinicheka wakawa wanachungulia juu ya bega lake.

Kwa hiyo vijana, acheni kununua injini ya tatu kabla ya plaiwudi. Pimeni mlango kwanza. Mnatamani zile Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke za reli zetu zilizopewa majina ya milima. Kwa 1:87 moja ni karibu sentimita 36, itakaa wapi? Chukueni injini fupi, mabehewa ya ekseli mbili, na mpime mlango.

Ndugu wa Mwanza, kama kabati halina nafasi, uvungu wa kitanda unatosha. Funika kwa shuka tu, maana vumbi likishika reli injini inasitasita, na utadhani imekufa.