Acha kukariri A hadi Z, anza na mkia wa neno

Mkuu, weka hilo desa chini kwanza. Umesema umenunua orodha ya vipande 400 vya istilahi za kitabibu, imepangwa A hadi Z, unataka kumeza 20 kila siku. Ukauliza kama mpango huo uko sawa, na hiyo "o" ya katikati ya maneno inafanya nini. Mpango hauko sawa. HAUKO. Na nina hasira nao kwa sababu hilo desa nalijua, na kama si lenyewe basi ni mdogo wake wa tumbo moja.

Istilahi hizi nyingi ni vipande vya Kigiriki na Kilatini vilivyoungwa. Mzizi kwa kawaida unataja kiungo, kichwa kinasema kiasi au mahali, mkia unasema kimetokea nini. Anza na mkia, rudi kichwani, malizia na mzizi.

Mimi nilifundishwa kinyume. Mkufunzi wetu, bingwa wa kuongea na wa kuuza madesa yake kila kipindi kikiisha, alituambia mzizi ndio neno, mkia ni pambo tu. Kwenye orodha yake -tomia, -stomia na -ektomia zilikaa mstari mmoja, na mbele yake neno moja: upasuaji. Basi! Ni sawa na kumwambia mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba funga, fungua na fungia zote ni habari za mlango. Ni kweli ni habari za mlango. Sasa mwambie akufungulie.

-tomia ni kupasua ili kuingia ndani. -ektomia imebeba "ek", yaani nje, kwa hiyo unakata na kukitoa kitu. -stomia inatoka kwenye stoma, mdomo: unafungua tundu na kuliacha wazi. Weka kolo, yaani utumbo mpana, hapo uone tofauti. Kolotomia, utumbo umepasuliwa. Kolektomia, umeondolewa, wote au sehemu yake. Kolostomia, umevutwa hadi kwenye ngozi ya tumbo na kufunguliwa mdomo, kinyesi kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko, na wapo wagonjwa ambao baadaye tundu hilo hufungwa wakarudia njia ya kawaida.

Wakati huo nilikuwa natafsiri ripoti za wagonjwa kwa malipo. Ikaja yenye kolostomia. Nikaona "kolo", nikafurahi kama nimekutana na ndugu, mkia nikaupita kwa kasi ya mtu mwenye desa. Nikaandika kwamba mgonjwa ameondolewa utumbo mpana. Ripoti ikaenda kwa daktari mwingine, naye akapiga picha, akauliza: huu utumbo mliosema umeondolewa, mbona nauona? Kumbe mimi ndiye niliyemfanyia operesheni, tena kwa kalamu, bila ganzi. Familia ilikuwa imeshalia kilio cha bure, maana walidhani ni jambo lisilo na kurudi. Waliokuwa wananipa kazi wakanikata, na malipo ya kazi zote zilizokuwa zimesubiri yakaenda na maji. Mkufunzi? Nilipompelekea ule mstari wake alijibu kwamba desa ni la "wanaoanza". Kwani ni nani mwingine ananunua desa, mzee?

Haya, tuendelee kabla sijaandika jina lake.

Ubaya wa A hadi Z ni kwamba unapanga maneno kwa mianzo yake, na mianzo ndiyo inayofanana. Leukemia na leukopenia zinakaa jirani kwenye orodha, mwanzo mmoja, leuko, nyeupe. Ya kwanza ni saratani ya damu. Ya pili ni upungufu wa seli nyeupe za damu, basi. Aliyeanza na mkia anajua -penia ni upungufu, anatulia. Aliyeanzia mbele anamwaga machozi ya watu. Panga daftari lako kwa mikia: -itisi, uvimbe wenye maumivu na joto wa kiungo kilichotajwa, kwa hiyo gastritisi ni ya tumbo la chakula, nefritisi ni ya figo. -aljia, maumivu. -emia, kitu kilicho kwenye damu. -uria, kwenye mkojo. Sukari ile ile ikibadilisha mkia imehama kutoka kwenye damu kwenda kwenye mkojo.

Vichwa vipo vinavyotesa, sikatai. Haipa- ni kuzidi, haipo- ni kupungua, na hapa Kiswahili kimetubeba: haipoglisemia, sukari kwenye damu haipo ya kutosha. Ukiisahau hiyo sina la kukusaidia. Na vichwa vingine vina chumvi. Anemia kwa vipande vyake ni "bila damu", lakini mtu asiye na damu kabisa hatafuti vidonge vya madini ya chuma.

Mkia nao una siku zake. -oma kwa kawaida ni uvimbe wa kuota, si ule wa -itisi, halafu hematoma ni damu tu iliyovuja ikakusanyika mahali, wakati limfoma, yenye jina la upole, ni saratani. Hizo ziandike ukurasa wa peke yake, kwa wino mwekundu.

Hiyo "o" ni gundi ya matamshi. Mkia ukianza na irabu inadondoka, ndiyo maana tuna gastritisi. Ukianza na konsonanti inabaki, gastroskopia, kutazama ndani ya tumbo. Kati ya mizizi miwili inabaki hata kama wa pili unaanza na irabu, gastroenteritisi, ya tumbo na utumbo (entero). Usiipotezee siku nzima.

Sasa kabla hujafungua hilo desa kesho, chana hili neno hapa chini ya jibu langu tuone: kolesistektomia. Sisti ni kifuko. Ukianzia mbele utaniambia ni utumbo mpana, kwa sababu kole inafanana na kolo, kumbe kole ni nyongo. Anza na -ektomia, kuna kitu kimetolewa. Kipi? Nasubiri.